Kufundisha Kiingereza Korea Kusini: pasipoti, mkataba na darasa

Pasipoti ndiyo inayosomwa kwanza, kabla ya shahada na kabla ya uzoefu. Viza ya mwalimu wa lugha ya kigeni Korea Kusini inaitwa E-2, na kwa somo la Kiingereza hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. India ina upenyo mdogo kupitia mkataba wake wa kibiashara na Korea. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongomani mwenye pasipoti ya kwao hapati E-2, hata awe amefundisha Kiingereza miaka kumi. Kanuni hiyo inamwonea mtu aliyesoma masomo yote kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Hata hivyo ndiyo iliyopo, na kuificha ni kuwaachia uwanja matapeli.

Maana matapeli wapo. Ukiona tangazo mjini kwenu linaloahidi kazi ya ualimu Korea kwa pasipoti yoyote ile, na kwanza ulipe ada ya usajili, liache. Wakala halali wa walimu analipwa na shule, mwalimu hamlipi kitu. Na anayefundisha kwa viza ya matembezi akikamatwa hutozwa faini, hurudishwa kwao, na akitaka kuingia tena anakuta jina lake tayari liko kwa maofisa wa uhamiaji.

Kwa hiyo ushauri huu unawafaa zaidi ndugu zetu waliopata uraia wa mojawapo ya nchi hizo saba. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, hivyo Mkenya wa Toronto anaomba kwa pasipoti ya Kanada bila kupoteza ile ya nyumbani. Lakini aliyehamia ukubwani aangalie kipengele kimoja. EPIK, mpango wa serikali ya Korea unaopeleka walimu wageni kwenye shule za umma tangu 1995, unataka mwombaji awe amesoma katika nchi ya uraia wake kuanzia takriban darasa la saba, na awe ameishi huko si chini ya miaka 10. Aliyefika Ohio ana miaka 25 na akapata uraia akiwa na 32 hatapita kwenye mpango huo. Zinambakia shule za binafsi.

Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anaweza kufundisha kihalali akiwa na viza ya ukaazi, kwa mfano F-6 ya aliyeoa au kuolewa na Mkorea, au F-5 ya ukaazi wa kudumu. Njia iliyo wazi zaidi kwa vijana, ingawa ni ya kusoma na si ya kufundisha, ni ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea, GKS, unaosimamiwa na taasisi ileile ya serikali inayoendesha EPIK. Maombi hupitia ubalozi wa Korea, na balozi hizo zipo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kikorea, na lazima ufike daraja la 3 la mtihani wa TOPIK kabla ya kuingia chuoni. Mwanafunzi akitaka kibarua cha saa chache, cha aina yoyote, anahitaji kibali cha uhamiaji kabla ya kuanza.

Karatasi

Anza miezi sita kabla. Unahitaji shahada ya kwanza ya fani yoyote, hati ya polisi ya nchi nzima inayoonyesha huna rekodi ya uhalifu, na muhuri wa apostili, yaani uthibitisho unaofanya hati ya nchi moja itambulike nchi nyingine, kwenye zote mbili. Ongeza picha za pasipoti, fomu ya afya na mkataba uliosainiwa. EPIK huhitaji pia cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 100 au zaidi, isipokuwa kama una shahada ya ualimu au ya Kiingereza.

Apostili ndipo wengi wanapokwama. Kwa Mmarekani, nakala ya shahada huthibitishwa kwa notari kisha hugongwa muhuri na jimbo. Hati ya FBI ni ya serikali kuu, kwa hiyo muhuri wake hutoka Wizara ya Mambo ya Nje, Washington. Watu wanaipeleka jimboni, inarudi na muhuri usiotambulika, wiki nne zimepotea. Kanada ilianza kutoa apostili Januari 2024, basi maelekezo ya zamani yanayokutuma ubalozi wa Korea kuthibitisha hati za Kanada yamepitwa na wakati. Kwa Uingereza, hati ya polisi ni ile ya ACRO, ofisi ya rekodi za uhalifu. Na hati ya polisi ikizidi miezi sita inahesabiwa imechacha, kwa hiyo usiichukue mapema kupita kiasi kwa kuogopa kuchelewa.

Ukishasaini, shule hupeleka karatasi uhamiaji huko Korea na kupata namba ya idhini. Namba hiyo unaipeleka ubalozini, viza inatoka. Ukifika una siku 90 za kuomba kadi ya ukaazi, na kabla ya hapo unapimwa afya hospitali iliyoidhinishwa, pamoja na kipimo cha dawa za kulevya. Weka miadi ya uhamiaji kwenye tovuti ya HiKorea wiki ileile unayofika, kwa sababu Seoul foleni ni ndefu, na bila kadi hiyo huna mkataba wa simu wala akaunti ya benki isiyo na vizuizi.

Mkataba

Shule ziko za aina mbili. Shule ya umma kupitia EPIK ina saa 22 za darasani kwa wiki ndani ya saa 40 za kuwepo kazini, na nyumba au posho ya nyumba. Walimu huingia mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti. Ya pili ni shule ya masomo ya ziada ya binafsi, inayoitwa hagwon. Hapa tutaandika hagwoni, maana ulimi wetu unapenda neno liishie na irabu, na jambo hilohilo litatufaa tukifika darasani. Hagwoni nyingi hufanya kazi kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku, watoto wakitoka shule. Zile za chekechea huanza asubuhi. Ziko nzuri kabisa, zenye wakurugenzi waungwana wanaolipa tarehe ileile kila mwezi. Tofauti kati ya nzuri na mbaya huonekana kwenye mkataba, kwa hiyo tukae hapo.

Tazama mshahara kwanza. Kima cha chini cha mshahara Korea kwa 2026 ni won 10,320 kwa saa. Kwa kazi ya saa 40 kwa wiki sheria huhesabu saa 209 kwa mwezi, pamoja na siku ya mapumziko inayolipwa, kwa hiyo kima cha mwezi ni won 2,156,880. Mkataba wa milioni 2.1 kwa saa 40 uko chini ya sheria, hata wakikwambia nyumba ni bure. Uliza tena ni saa ngapi unatakiwa kuwepo jengoni. Mkataba unaweza kuandika "saa 30 za kufundisha" halafu ukakuweka pale saa 45, na hizo za kuandaa masomo, kuandika ripoti za wazazi na kusimamia chakula cha watoto hazina jina popote.

Halafu tafuta 3.3%. Namba hiyo ndogo ikiwa kwenye mstari wa kodi, maana yake wamekuandikisha kama mfanyabiashara anayejitegemea, si mwajiriwa. Mshahara wa mkononi unaonekana mnono, lakini mwajiri hachangii pensheni wala bima ya afya, na mwisho wa mwaka atajaribu kusema huna kiinua mgongo. Mwajiriwa wa kweli hukatwa kodi ya mapato, bima ya afya inayokaribia asilimia 7 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri, na pensheni. Pensheni ilikuwa asilimia 9 kwa miaka mingi, na kuanzia 2026 inapanda nusu asilimia kila mwaka mpaka ifike 13 mwaka 2033, nayo pia mnagawana nusu kwa nusu. Raia wa Marekani, Kanada na Australia hurudishiwa mchango wao na wa mwajiri wanapoondoka moja kwa moja. Mwingereza harudishiwi. Mtu wa Afrika Kusini hakatwi pensheni kabisa.

Kiinua mgongo, kwa Kikorea toejikgeum, ni karibu mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka uliokamilika, ukipigwa kwa wastani wa miezi mitatu ya mwisho. Neno zito hapo ni "uliokamilika". Ukifanya kazi miezi kumi na moja na siku ishirini hupati hata won moja. Ndiyo maana kuna hagwoni zinazoanza kumtafutia mwalimu makosa kuanzia mwezi wa kumi. Hakikisha tarehe za mkataba zinafika mwaka mzima, kwa mfano 1 Machi hadi mwisho wa Februari, na ukatae sentensi inayosema kiinua mgongo "kimejumuishwa" ndani ya mshahara wa kila mwezi. Barua za maonyo, ujumbe wa KakaoTalk na hati za mshahara zote zipige picha na uzihifadhi nje ya simu ya kazini.

Likizo: sehemu ya kazi yenye wafanyakazi watano au zaidi inalazimika kukupa siku moja kwa kila mwezi uliofanya kazi kikamilifu katika mwaka wa kwanza, jumla 11, na siku 15 katika mwaka wa pili. Chini ya watano sheria hiyo haiwagusi, kwa hiyo hesabu watu. Kufukuzwa kunahitaji taarifa ya siku 30 au malipo ya siku 30, isipokuwa kama hujamaliza miezi mitatu. Kipengele cha faini iliyopangwa kabla, mfano "ukiondoka mapema utalipa milioni mbili", kinapingana na Sheria ya Viwango vya Kazi. Hata hivyo kukuomba urudishe nauli ya ndege waliyokulipia, ukiondoka ndani ya miezi sita, ni jambo la kawaida.

Jambo moja linaloumiza ni barua ya kuachiwa. Ukiwa na E-2 huwezi kuhama shule katikati ya mkataba bila mwajiri kukusainia. Hicho ndicho kisu kilicho mkononi mwa mkurugenzi mbaya, na ndiyo sababu ya kuuliza maswali yote kabla ya kupanda ndege. Omba kuzungumza na mwalimu mgeni aliyepo sasa, peke yenu, bila mkurugenzi. Wakikataa, jibu umeshapata. Mwombaji mweusi aulize wazi kama shule imewahi kuajiri mwalimu mweusi, kwa sababu maombi huambatana na picha na zipo hagwoni zinazochagua kwa rangi ya uso. Ni dhuluma, na ni heri uijue ukiwa bado sebuleni kwako. Ukishafika, namba 1350 ni ya Wizara ya Kazi na 1345 ni ya uhamiaji, zote zina wakalimani. Usifundishe watoto majumbani kwa pesa ukiwa na E-2. Ni kosa, hata mzazi akikubembeleza.

Darasani

Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 40, cha kati 45, cha sekondari ya juu 50. Kiingereza huanza darasa la tatu, vipindi viwili kwa wiki, na darasa la tano na la sita hupata vitatu. Katika shule ya umma unafundisha pamoja na mwalimu Mkorea. Mwite kwa jina la ukoo na cheo, Kim seonsaengnim, kama unavyosema Mwalimu Juma, usimwite jina tupu.

Hapa aliyekulia kwenye Kiswahili ana mtaji ambao wakala hatauona kwenye wasifu wake. Silabi ya Kikorea hufungwa kwa sauti saba tu: k, n, t, l, m, p na ng. Haiishii na s, haiishii na f, na konsonanti mbili hazianzi silabi pamoja. Kwa hiyo mtoto wa Daejeon akikutana na "bus" husema beoseu, kama babu zetu walivyosema basi. "Ice cream" inakuwa aiseukeurim, jirani kabisa na aiskrimu. "Christmas", ambayo Mwingereza huitamka kwa silabi mbili, kwake ni tano: keu-ri-seu-ma-seu. Mwalimu wa Texas husikia kosa na kulirudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Wewe unajua irabu ile imetoka wapi, kwa sababu lugha yako imefanya kazi hiyohiyo kwa blanketi, glasi na skrubu.

Dawa yake ni ya mwili, si ya maelezo. Piga makofi kwa silabi: "desk" kofi moja, "Christmas" makofi mawili. Mtoto anayeongeza irabu atajikuta na kofi la ziada, na atalisikia mwenyewe. Kwa s ya mwisho, mwambie aweke vidole kooni: s haitetemeshi koo, irabu inatetemesha. Koo likitetemeka mwishoni mwa "bus", ameongeza kitu.

Kikorea hakina f, v, z wala th. "Coffee" ni keopi, "video" ni bidio, "pizza" ni pija. Kiswahili kinazo zote, na th na dh tumezipata katika thelathini na dhahabu, hivyo unaweza kuonyesha ulimi ulipo bila kubahatisha. Kwa f na p shika ukanda wa karatasi mbele ya mdomo. P huurusha kwa ghafla, f huusukuma polepole. R na l kwao ni herufi moja, na yeyote aliyewahi kumsikia mtu akichanganya kura na kula anajua maana inavyoweza kugeuka. Walimu wa huko hutumia hila nzuri: kabla ya r, mtoto anakunja midomo kama anayetaka kusema u, kabla ya l, anaanza na sauti ya Kikorea eul, ulimi ukiwa umegusa nyuma ya meno, ndipo anatamka "light". Baada ya wiki mbili kile kianzio kinapunguzwa hadi kinatoweka.

Kuna na mahali ambapo Mkorea na Mswahili wanakosea pamoja. Lugha zote mbili hazina "a" wala "the". "He" na "she" huchanganyika kwa urahisi, maana sisi tuna yeye tu. Na swali la kukanusha: ukimuuliza mtoto "Hujala?" atajibu kwa mantiki yetu, "Ndiyo, sijala", na kwa Kiingereza jibu lake litaeleweka kinyume. Fundisha jambo hilo waziwazi, na mchoro ubaoni. Irabu za "ship" na "sheep" zitazame kwako kwanza, kwa sababu Kiswahili hakitofautishi urefu huo, na kanda za vitabu vya shule ni za lafudhi ya Marekani. Rekodi maneno ishirini uyalinganishe na kanda kabla ya kuingia darasani.

Somo la dakika 40 linalosimama vizuri lina dakika 5 za kurudia, 10 za lugha mpya kwa picha na sauti, 10 za mazoezi ya wawili wawili, 10 za mchezo na 5 za kufunga. Linaloangusha somo ni mchezo wa kutoana, kwani aliyetoka wa kwanza anakaa dakika tisa bila kazi na hapo ndipo fujo huanzia. Linaloangusha zaidi ni kumsimamisha mtoto mmoja mbele ya wenzake ghafla. Kimya kinachofuata hakimaanishi hajui. Mpe jirani yake wa kuzungumza naye sekunde 30 kwanza, ndipo uulize jozi nzima. Ugomvi wa nani aanze humalizwa na kawi bawi bo, mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, na uamuzi wake haupingwi na yeyote.

Sekondari ya juu ni dunia nyingine. Kila kitu huelekea suneung, mtihani wa Novemba wa kuingia chuo kikuu. Karatasi ya Kiingereza ina maswali 45 kwa dakika 70, na 17 ni ya kusikiliza. Wakati wa kusikiliza, ndege nchi nzima hazitui wala haziruki. Mtihani huo hauna sehemu ya kuongea, kwa hiyo usishangae kijana wa miaka 17 akikuona unampotezea muda. Chukua kifungu kimoja cha mtihani uliopita, uwape watetee na kupinga hoja yake. Hapo wanaona faida.

Tabia chache za shule. Nenda na viatu vya ndani. Toa na pokea kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, adabu ambayo wengi wetu tulifundishwa utotoni. Usiandike jina la mwanafunzi kwa wino mwekundu, kwao ni nuksi. Kwa Mwislamu, ratiba ya chakula cha shule huandikwa na namba za vizio pembeni ya kila chakula: 10 ni nguruwe, 15 kuku, 16 ng'ombe. Kukwepa 10 ni rahisi ukishajua, lakini namba hizo hazisemi mnyama alichinjwaje. Nyama halali hupatikana Itaewon, Seoul, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Kwenye chakula cha jioni cha wafanyakazi, hoesik, glasi ya saida, soda ya limau ya huko, iliyoshikwa kwa mikono miwili inatosha kwa asiyekunywa pombe.

Nyumbani na kuondoka

Nyumba ya mwalimu kwa kawaida ni chumba kimoja chenye jiko na choo, sakafu ikipashwa moto kwa maji yanayopita chini yake. Ukutani kuna kidude chenye vitufe vya Kikorea: nanbang ni joto la sakafu, onsu ni maji moto, oechul ni hali ya kutoka. Januari, ukisafiri, usizime kabisa. Acha oechul na bomba likidondosha matone, kwa sababu bomba likiganda na kupasuka, bili huja kwako. Taka hutupwa kwenye mifuko maalumu ya mtaa inayouzwa dukani, na mabaki ya chakula yana mfuko au pipa lake. Mfuko wa wilaya nyingine haukubaliwi.

Mwezi wa mwisho, omba kwa maandishi tarehe ya kiinua mgongo. Sheria inampa mwajiri siku 14 baada ya siku yako ya mwisho, na hagwoni nyingine husubiri uondoke nchini, kwa hiyo usifunge akaunti ya benki mpaka iingie. Soma mita ya gesi pamoja na mtu wa kampuni, lipa na ubaki na risiti, kwa kuwa madai ya bili huja ukiwa umeshaondoka na mwajiri akayakata kwenye pesa zako. Wanaorudishiwa pensheni wapeleke ombi kwenye ofisi ya mfuko wiki chache kabla, wakiwa na tiketi ya ndege, kadi ya ukaazi, pasipoti na kitabu cha benki. Kadi yenyewe hukabidhiwa kwa ofisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Incheon, dirishani, baada ya kukaguliwa mizigo.